Saa ya seva na jua la Kizingitini



Seva ya Linux ikianza kuleta visa visivyoeleweka, wengi hukimbilia kuangalia diski, kumbukumbu na mtandao. Mimi huanza na kitu ambacho wengi hukikumbuka mwisho kabisa, nacho ni saa. Kabla sijafungua logi hata moja huandika amri hizi mbili, halafu hutazama saa ya simu yangu:

date
date -u

Ya kwanza inaonyesha saa ya mahali, ya pili inaonyesha saa ya dunia, yaani UTC. Sababu ya kuanza hapa ni rahisi. Logi ni kama daftari la mlinzi wa mlangoni. Mlinzi anaweza kuandika vizuri nani kaingia na nani katoka, lakini kama saa yake ya mkononi ni mbovu, daftari lake haliwezi kumtetea mtu wala kumshtaki mtu. Vyeti vya usalama vya tovuti navyo vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Seva iliyobaki nyuma huona cheti kizima kuwa bado hakijaanza kutumika, ikakataa hata kuvuta masasisho. Kazi ulizozipangia usiku zinafanyika asubuhi watu wakiwa kazini. Barua pepe inaonekana imefika kabla ya kutumwa.

Kuna kanuni moja ambayo nimeona inasaidia sana: pima ukubwa wa kosa, kwa sababu ukubwa wa kosa ndio unaokuonyesha chanzo chake. Hivi ndivyo ninavyozipanga tofauti:

- Sekunde au dakika zinazoongezeka kila wiki: saa ya mashine inakimbia au inachelewa na hakuna anayeirekebisha.
- Miaka: betri ya ubao mama imekufa, au mashine haina saa yake kabisa.
- Saa 3 kamili: mmoja anasoma UTC, mwingine anasoma saa ya Afrika Mashariki.
- Saa 6 kamili: mmoja amesema kwa saa ya Kiswahili, mwingine ameandika kwa saa ya Kizungu.
- Siku moja nzima: hamkukubaliana siku inaanza lini.
- Dakika 15: hapa umegusa historia ya nchi.

Hizo dakika 15 ndizo zilizonifanya niandike makala haya. Ili kuzielewa inabidi tutoke kidogo kwenye chumba cha seva twende Kizingitini, mji wa wavuvi ulioko kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. (Nikiandika kwa tarakimu, kama 18:30, ni saa ya kompyuta. Nikiandika kwa maneno, kama saa kumi na mbili na nusu, ni saa ya Kiswahili.)

Wakati kabla ya saa ya serikali

Mvuvi wa Kizingitini anayefuata samaki na kambakoche hapangi safari yake kwa saa ya ukutani. Anapanga kwa maji kujaa na kupwa, kwa bamvua na maji mafu, kwa kaskazi na kusi. Maji yakijaa leo wakati fulani, kesho yatajaa kama dakika 50 baadaye. Hata boti za abiria kati ya Lamu na Pate zinapopita mlango wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, huwa na hesabu hiyo, kwa kuwa maji yakipwa mlango ule hupitika kwa shida. Ndiyo maana safari ya leo haiondoki saa ile ile ya wiki iliyopita. Mtu wa kompyuta angesema kuwa ratiba hii haiwezi kuandikwa kwenye crontab, na ni kweli, kwa sababu crontab inajua jua tu, haijui mwezi.

Lakini wazee wa pwani walikuwa na hesabu nyingine, nayo inafanana mno na ya kompyuta. Kando ya mwaka wa Kiislamu unaofuata mwezi, mabaharia walitumia mwaka wa jua ulioanzia Nairuzi, au Siku ya Mwaka. Mwaka huo ulikuwa na siku 365, ukagawanywa miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 za ziada. Nahodha alihesabu siku kutoka Nairuzi, na kwa kujua yuko mwongo wa ngapi alijua pepo zipi zinakuja na ni lini bahari inafungwa. Kwa lugha yetu hiyo ni namba moja inayopanda kutoka siku ya mwanzo iliyokubaliwa. Unix nayo haifanyi zaidi ya hapo. Hata kasoro yake ni ya aina tunayoijua sisi waandika programu: kwa kuwa haikuwa na siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, Nairuzi ilisogea polepole ndani ya mwaka wa jua.

Ndani ya siku, saa zilihesabiwa kutoka machweo na macheo. Saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kutua, na saa moja ya asubuhi ni ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Hapa karibu na ikweta, ambako usiku na mchana hukaribiana mwaka mzima, hesabu hii inafanya kazi vizuri sana. Siku yenyewe huanza magharibi. Kwa hiyo mzee wa Kizingitini akikwambia jambo lilitokea usiku wa Ijumaa, huenda anakusudia ule usiku unaoamkia Ijumaa, ambao kompyuta inauita Alhamisi.

Hapo ndipo yanapotoka yale makosa ya saa 6 na ya siku moja. Mtumiaji anapiga simu: "Mfumo uligoma saa mbili usiku wa Ijumaa." Fundi kijana anafungua logi za Ijumaa 02:00, haoni kitu, anajibu kuwa mfumo ulikuwa mzima. Kumbe alitakiwa asome Alhamisi 20:00. Hakuna aliyesema uongo. Linux ina mipangilio ya Kiswahili ya Kenya na ya Tanzania, sw_KE na sw_TZ, lakini hiyo inabadilisha majina ya siku na miezi tu, haihesabu saa kutoka machweo. Tafsiri hiyo inabaki kazi ya binadamu. Dawa ni kuuliza swali la pili kila mara: "Ilikuwa kabla au baada ya swala ya isha?" Jibu la hilo halina utata.

Saa ilipoanza kutolewa kwa amri

Jua halifiki kila mahali kwa pamoja. Kila nyuzi 15 za longitudo ni saa moja, kila nyuzi moja ni dakika 4. Nairobi iko karibu na nyuzi 36.8 mashariki, kwa hiyo jua lake liko mbele ya Greenwich kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 16. Kizingitini iko mbali zaidi mashariki, karibu na nyuzi 41 na dakika 8, kwa hiyo jua letu liko mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 44 na kitu. Kati ya Nairobi na Kizingitini kuna tofauti ya dakika 17 za jua. Enzi za jahazi na ngamia tofauti hiyo haikumsumbua mtu.

Reli, simu za waya na ofisi za serikali ndizo zinazodai saa moja. Mkutano wa Washington wa 1884 uliifanya Greenwich kuwa mwanzo wa hesabu ya dunia. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896 ikafika ziwani, Kisumu ya leo, Desemba 1901. Baadaye ikaja saa rasmi, na ikabadilishwa mara nyingi kuliko watu wengi wanavyojua:

Mei 1908: saa 2 na dakika 30 mbele ya Greenwich.
Usiku wa kumalizia 30 Juni 1928: saa 3 kamili.
Usiku wa kumalizia 4 Januari 1930: kurudi saa 2 na dakika 30.
Usiku wa kumalizia 31 Desemba 1936: saa 2 na dakika 45.
Usiku wa kumalizia 31 Julai 1942, vita vya pili vya dunia vikiendelea: saa 3 kamili, na ndiyo iliyobaki.

Sasa tuiweke orodha hii juu ya Kizingitini. Saa ya 1908 ilikuwa nyuma ya jua letu kwa karibu robo saa. Saa ya 1928 ikaruka mbele ya jua letu kwa robo saa. Ile ya 1937 hadi 1942, ya saa 2 na dakika 45, ni saa ya mstari wa nyuzi 41 na dakika 15, unaopita baharini hata kilomita 20 hazifiki mashariki ya Kizingitini. Kwa miaka mitano na miezi saba, saa ya serikali na jua la Kizingitini zilipishana kwa nusu dakika tu, huku Nairobi penyewe, ilikotoka amri, pakiwa pamekosana na jua kwa dakika 18. Sina sababu ya kuamini kuwa kuna aliyeikusudia Kizingitini. Ni hesabu tu iliyoangukia kwetu.

Saa 3 kamili ni saa ya mstari wa nyuzi 45, ambao unapita karibu na Mogadishu. Kwa hiyo Kenya, Uganda na Tanzania zote leo zinaishi kwa jua la Mogadishu. Kizingitini jua linafika utosini kwa wastani saa 12:15, si 12:00, na kutegemea majira linachezea kati ya dakika moja kabla ya 12:00 mwezi wa Novemba na 12:30 mwezi wa Februari. Mwadhini analijua hilo kutoka kwenye jedwali lake la swala bila kuhitaji seva.

Nasisitiza neno amri. Watu wa Lamu wanajua maana ya saa inayotolewa kwa amri. Julai 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, serikali iliweka katika kaunti ya Lamu marufuku ya kutoka nje usiku, na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku. Bahari iliendelea kujaa na kupwa kwa ratiba yake, na mvuvi akabaki katikati ya saa mbili, ya mwezi na ya serikali. Kompyuta iko upande wa serikali siku zote. Haijui jua lilipo, inajua sheria ilisema nini.

Saa ilipoingia ndani ya mashine

Kitabu cha maelezo cha Unix cha Novemba 1971 kinasema wakati unahesabiwa kwa vipande vya sitini vya sekunde kutoka mwanzo wa 1971. Kwa namba ya biti 32 hesabu hiyo hujaa baada ya miaka 2 na kidogo, kwa hiyo baadaye wakaamua kuhesabu sekunde nzima, na mwanzo ukawa 1 Januari 1970 saa sita usiku ya UTC. Kwetu hiyo ilikuwa saa tisa ya usiku.

Ukiona seva inadai leo ni 1970, au mwaka mwingine wa zamani, usifikiri imeingiliwa na virusi. Tangu IBM PC/AT ya 1984, kompyuta za aina hii zina saa ndogo ya maunzi inayolindwa na betri umeme ukikatika. Betri ikifa, mashine inaamka bila kujua tarehe. Nyingine hazina saa hiyo kabisa: Raspberry Pi, ambayo watu wengi huifanya seva ndogo ya shule au ya maktaba kwenye umeme wa sola, haikuwa na saa ya maunzi hadi toleo la 5 la 2023, na hata hilo betri yake hununuliwa mbali. Mashine kama hiyo huanza na tarehe ya mwisho iliyoikumbuka, kisha hungoja mtandao uirekebishe. Mahali ambapo jenereta huzimwa usiku na mtandao unachelewa kurudi, unaweza kupata logi za asubuhi nzima zenye tarehe ya jana. Dawa ni moduli ndogo ya saa yenye betri, bei yake si kubwa.

Urekebishaji wenyewe hufanywa na NTP, itifaki ambayo msingi wake ni kazi ya David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, iliyochapishwa kwa jina hilo 1985. Mzee huyu alifariki Januari 2024, na kazi yake inapita kwenye bandari ya UDP namba 123 ya karibu kila seva duniani. Ukiona dakika zinaongezeka kidogo kidogo, angalia:

timedatectl
chronyc tracking

Ya kwanza itakwambia kama saa inalinganishwa na mtandao na uko ukanda gani. Ya pili, kama unatumia chrony, itakwambia umepotoka kwa kiasi gani. Mara nyingi utakuta ukuta wa moto umefunga bandari 123 na hakuna aliyetambua.

Ile tofauti ya saa 3 ndiyo nyepesi kuliko zote. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa UTC, na hakuna ubaya wowote. Ubaya ni mtu kupanga nakala za akiba zichukuliwe 02:00 akidhani ni saa nane usiku ya kwetu, kumbe zinaanza saa kumi na moja alfajiri, wavuvi wameshaamka na mawakala wa pesa wanafungua vibanda. Acha seva iwe UTC, andika ratiba kwa UTC, na waonyeshe watumiaji saa yao wenyewe kwenye skrini, kwa sababu watumiaji hawako mahali pamoja. Jamaa walioko Maskati wako saa 4 mbele ya UTC, walioko Goma wako saa 2.

UTC yenyewe si takatifu. Usiku wa 30 Juni 2012 iliongezwa sekunde moja ili saa ilingane na mzunguko wa dunia. Kwetu ilikuwa 1 Julai, 02:59:60. Kerneli ya Linux ilikuwa na kasoro katika kuipokea sekunde hiyo, na seva nyingi zilizokuwa zikiendesha Java na MySQL zikaanza kuchemka, kichakato kikifanya kazi bila kazi. Reddit na Mozilla walikuwa miongoni mwa walioguswa. Waliookoka haraka waliandika amri moja ya kuiambia mashine saa ile ile iliyokuwa nayo:

date -s "$(date)"

Novemba 2022 wataalamu wa vipimo wa dunia walikubaliana kuuacha utaratibu huo wa sekunde za nyongeza kufikia 2035. Tena, uamuzi wa binadamu.

Zile dakika 15

Seva inajuaje kuwa Nairobi iko saa 3 mbele? Ina faili. Kwenye Linux liko hapa:

/usr/share/zoneinfo/Africa/Nairobi

Faili hili ni sehemu ya hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa miaka ya 1980 na Mmarekani Arthur David Olson, na kwa miaka mingi imetunzwa na Paul Eggert pamoja na watu wa kujitolea. Ni kazi ya ajabu: historia ya saa za dunia nzima, iliyoandikwa ili mashine isome. Mwishoni mwa Septemba 2011 kampuni moja ya programu za unajimu iliwashtaki Olson na Eggert kwa madai ya hakimiliki, na hifadhidata ikazimwa kwa siku chache. Ikahamia IANA Oktoba mwaka huo, na kesi ikaondolewa Februari 2012.

Unaweza kuisoma historia yetu mwenyewe sasa hivi:

zdump -v Africa/Nairobi

Utaona 1908, 1928, 1930, 1936 na 1942, zile zile nilizoziorodhesha juu. Lakini ukiandika amri hiyo kwenye seva ya zamani isiyosasishwa utaona historia nyingine. Kwa miaka mingi faili hili lilisema kuwa Kenya ilikaa kwenye saa 2 na dakika 45 kutoka 1940 hadi mwaka wa 1960. Ni mwishoni mwa 2020 tu ndipo liliposahihishwa, baada ya mchangiaji mmoja kupekua gazeti rasmi la serikali ya kikoloni na kuonyesha sheria zenyewe. Kwa hiyo kuna mashine zinazoamini kuwa watu waliozaliwa Kenya kati ya Agosti 1942 na 1959 walizaliwa chini ya saa isiyokuwapo.

Je, dakika 15 zina madhara gani? Chukua mfano wa mzee aliyeandikwa kuzaliwa 1 Januari 1950. Tarehe hiyo ni ya kawaida sana kwa watu wa rika lake, kwa sababu aliyekuwa hana cheti mara nyingi alijulikana mwaka tu, na fomu ikajazwa siku ya kwanza ya mwaka. Programu nyingi huhifadhi tarehe ya kuzaliwa kama wakati kamili, yaani saa sita usiku ya siku hiyo, ikageuzwa kuwa sekunde. Seva mpya itahifadhi -631162800. Namba hiyo ikisomwa na seva yenye faili la zamani, inageuka kuwa 31 Desemba 1949, 23:45. Dakika 15 zimekuwa siku moja, na siku moja imekuwa mwaka.

Sasa fikiria mzee huyo ni wa Kizingitini. Wabajuni wa visiwa vya Lamu wamelalamika kwa miaka mingi kuwa hupitishwa kwenye uhakiki wa ziada wanapoomba kitambulisho cha taifa. Mzee ana kadi inayosema 1950, skrini inasema 1949. Karani aliye mbele yake hawezi kujua habari za faili la kanda za saa. Anaona watu wawili tofauti. Kenya ina mpango wa Inua Jamii, unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango wa namna hiyo hutazama vitu viwili, mwaka wa kuzaliwa na kulingana kwa kumbukumbu. Jina likikataa kulingana, mzee anaambiwa arudi Lamu mjini. Safari hiyo ni nauli ya boti na kungoja maji yajae.

Kosa la aina hii ni gumu kulikamata kwa sababu halionekani kwenye mashine moja. Ndani ya seva moja panaweza kuwa na nakala kadhaa za historia hii: mfumo una yake, Java hubeba yake, MySQL huiweka kwenye meza zake, na kila kontena lina yake. Moja ikisasishwa na nyingine ikasahaulika, ndipo zinapoanza kupingana. Jaribu hivi kwenye kila moja:

TZ=Africa/Nairobi date -d '1950-01-01 00:00' +%s

Ukipata -631162800, faili ni jipya. Ukipata -631161900, ni la zamani. Tofauti ni sekunde 900, ndizo zile dakika 15.

Kuna jambo jingine la kujua. Watunzaji wa hifadhidata wanaahidi usahihi kuanzia 1970 tu. Ya nyuma yake wanayaandika kwa kadiri ushahidi unavyopatikana. Kanda ambazo zimekuwa na saa moja tangu 1970 huunganishwa. Kwa hiyo Africa/Dar_es_Salaam, Africa/Kampala na Africa/Mogadishu kwa kawaida ni viungo tu vya Africa/Nairobi, na mzee wa Dar es Salaam hupewa historia ya saa ya Nairobi. Silaumu. Ni watu wa kujitolea, na ushahidi uko kwenye magazeti rasmi ya zamani ambayo wachache wetu tumeyafungua. Lakini wazee wetu walizaliwa kabla ya 1970, kabla ahadi haijaanza.

Ya kushika

Kwanza, sasisha kifurushi cha tzdata kama unavyosasisha kerneli, na usisahau nakala za Java, za hifadhidata na za kontena. Ukibadilisha ukanda wa saa wa mfumo, anzisha upya cron, la sivyo itaendelea na ukanda wa zamani.

Pili, tofautisha wakati na tarehe. Malipo ya M-Pesa ni wakati. Yalitokea sekunde fulani, yahifadhi kwa UTC. Tarehe ya kuzaliwa si wakati. Iweke kwenye safu ya aina ya DATE, mwaka, mwezi na siku, bila saa wala ukanda. Hapo hakuna faili litakaloisogeza, wala simu iliyoko Toronto haitaionyesha siku moja nyuma.

Tatu, kumbuka 2038. Namba ya sekunde ya biti 32 itajaa 19 Januari 2038, 03:14:07 ya UTC. Kwetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, na Kizingitini jua litakuwa limebakiza dakika chache kuchomoza. Mashine ambazo hazikurekebishwa zitarudi 13 Desemba 1901, mwezi ule ule reli ilipofika ziwani, kabla ya saa rasmi ya kwanza. Linux 5.6 ya Machi 2020 imeweka njia ya biti 64 hata kwa vichakato vya biti 32, na Debian 13 ya 2025 imeifuata. Vinavyonitia shaka ni vile visanduku vidogo, ruta na vihisi, vilivyowekwa juu ya mnara na kusahauliwa.

Mwisho, mtu akikuletea tarehe ya mzazi wake na skrini yako ikasema nyingine, usianze kumshuku mtu. Andika zdump kwanza. Karatasi yake huenda ndiyo sahihi, na mashine yako ndiyo haijasoma gazeti rasmi la 1942.

Tukijaaliwa, makala ijayo itahusu diski iliyojaa wakati df inasema ina nafasi. Hiyo nayo ina hadithi yake.